Samaki Wakaao Katika Kioo

Mwezi uliopita nilipata barua ya mwalimu mmoja. Aandika kwamba amepewa sanduku la kioo, lile ambalo watu wa mjini huliita tangi la samaki, naye ataka kuliweka darasani, majani mabichi yakiota ndani ya maji na samaki wadogo wakipita katikati yake. Aniuliza: nianze na nini? Tena asema siku ya wazazi kuja shuleni imebaki wiki mbili, naye angependa samaki wawe wamekwisha kuingia. Nilipoisoma barua hii nilikaa kimya kitambo, maana jambo hili nimejifunza kwa hasara. Nimeona vema nimjibu hapa, ili na wengine wenye nia kama yake wapate kusikia.

Miaka michache iliyopita nami niliweka tangi la namna hiyo darasani. Nililipokea Ijumaa, jioni nikalijaza maji ya bomba, na Jumamosi nikaenda mjini kununua samaki 12, wadogo, wenye mikia ya rangi rangi. Nikawatia ndani siku ile ile. Kwa siku tatu ilikuwa furaha tupu. Watoto walikuja shuleni mapema kuliko kengele. Siku ya nne samaki wakaanza kukaa juu juu, vinywa vikifumba na kufumbua kama watu waliopandishwa mlima mbio. Siku ya tisa hakubaki hata mmoja.

Basi watoto wakatafuta mwenye kosa, nao hawakukawia kumpata: mvulana aliyekuwa na zamu ya kuwalisha. Wengine walisema ametia mkono wenye sabuni, wengine kwamba amewapa chakula kibovu. Yeye alikana mara moja, kisha akanyamaza. Nami, badala ya kuchunguza, nikamwondoa katika zamu mbele ya wenzake. Nikalisugua tangi, nikaiosha changarawe kwa maji ya moto, nikanunua samaki 6 wengine, nikampa zamu mtoto mwingine. Hao nao wakafa vile vile, tena kwa siku zile zile. Ndipo nilipotambua kwamba aliyewaua wale wa kwanza hakuwa mtoto.

Sasa sikilizeni habari ya maji. Samaki akiisha kula hutoa uchafu, na sehemu kubwa hutoka katika matamvua yake, ni kitu kiitwacho amonia. Harufu yake mwaijua. Ndiyo ile ya mkojo uliolala katika zizi. Mtoni au ziwani amonia hiyo hupotea katika wingi wa maji, lakini katika sanduku la kioo haina pa kwenda. Huunguza matamvua ya samaki, naye hukosa pumzi hali maji yamemzunguka. Chakula kilichobaki na majani yaliyooza huongeza sumu hiyo hiyo. Maji yaweza kuwa meupe kama ya chemchemi, nayo yamejaa mauti.

Lakini kuna bakteria, wadogo kiasi cha kutoonekana kwa jicho, ambao chakula chao ni amonia hiyo. Hao huigeuza kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu, maana huingia katika damu ya samaki na kuizuia isichukue hewa. Kisha huja bakteria wa aina nyingine, wakaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haidhuru kitu isipokuwa ikizidi sana, tena ni mbolea ambayo mimea huila kwa furaha. Bakteria hawa hukaa juu ya mchanga, juu ya mawe, juu ya majani, hata juu ya kioo chenyewe. Tangi jipya halina jeshi hili. Huchukua wiki nne hata sita kuongezeka kiasi cha kutosha. Mimi niliwatia samaki 12 katika nyumba isiyo na mfagizi hata mmoja. Na nilipoosha kila kitu kwa maji ya moto, niliwaua hata wale wachache waliokuwa wameanza kazi.

Hapa nitakuleteeni hadithi ya baba na mwana, maana nimeipenda sana. Mwaka 1849 katika mji wa London palikuwa na mtu wa elimu ya kemia, jina lake Robert Warington. Alitia samaki 2 wa rangi ya dhahabu katika chombo cha kioo, pamoja na mmea wa majini uitwao Valisneria, apate kuona kama mmea na mnyama waweza kutunzana, huyu akimpa mwenziwe asichonacho. Mambo yalikwenda vema kwa muda, kisha majani makuukuu yakaoza, maji yakachafuka. Akatia konokono wa majini. Wakayala yale yaliyooza, na maji yakarudi kuwa safi. Mwaka 1850 akawaeleza wenziwe wa Chama cha Kemia, na mwaka 1853 nyumba ya kwanza ya kuonyesha samaki kwa watu wote ikafunguliwa katika bustani ya wanyama ya mji ule ule. Walakini Warington hakujua habari ya bakteria. Alidhani kazi yote ni ya mmea, samaki na konokono.

Basi alikuwa na mwana, naye jina lake Robert Warington. Huyu alikuwa mtu wa kemia ya kilimo, akafanya kazi miaka mingi Rothamsted, mahali pa kuchunguza mashamba katika Uingereza. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walikuwa wameonyesha kwamba amonia hugeuzwa kuwa nitrati na viumbe hai. Warington mwana akaifuata kazi hiyo katika udongo wa shamba, akaona kwamba hugeuzwa kwa hatua mbili, na kila hatua ina viumbe wake. Karibu na mwaka 1890 Mrusi aitwaye Winogradsky akafaulu kuwatenga viumbe hao mbali mbali. Hivi, jambo lililofanyika ndani ya kioo cha baba bila yeye kuliona, mwana alikuja kulieleza kwa kuchimba udongo wa ngano. Sijui kama wawili hao walipata kuketi mezani na kulizungumza. Baba alifariki mwaka 1867.

Haya, tuingie kazini. Tangi la kuanzia lisiwe dogo mno. Watu hudhani dogo ni rahisi, kumbe maji machache huharibika upesi. Lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30 lafaa sana. Hilo huchukua lita 54 likijaa. Litazameni meza kabla ya yote. Maji, mchanga na kioo pamoja hupita kilo 60, na meza ya darasani yenye mguu mmoja mbovu haitastahimili. Fundi akikuundieni tangi, mwambieni atumie silikoni tupu isiyotiwa dawa ya kuzuia kuvu, na baada ya kukauka lijazwe maji nje ya nyumba, lilale siku mbili, mwone kama lavuja. Liwekeni pasipopigwa na jua moja kwa moja. Jua la dirishani hupasha maji moto na kuyageuza rangi ya kijani kama supu ya mchicha.

Wasio na umeme wasivunjike moyo. Mama mmoja wa Marekani, Diana Walstad, alitoa kitabu mwaka 1999 akieleza namna ya kutunza samaki kwa kutegemea mimea na udongo, bila mashine nyingi. Chini hutandikwa udongo wa kawaida, kimo cha sentimita 2 au 3, na juu yake mchanga au changarawe ndogo kiasi hicho hicho, ili udongo usitibuke. Udongo uwe wa shamba lisilotiwa mbolea wala dawa ya wadudu. Uchekecheni, ondoeni mizizi na vijiti. Mchanga uwe wa mtoni, uoshwe mpaka maji yake yatoke meupe. Mchanga wa pwani msitumie, una chumvi na chembe za kombe. Mkitia maji, wekeni sahani juu ya mchanga na kumimina polepole juu ya sahani. Mtoto wa darasa la tatu ataifanya kazi hii vizuri kuliko mwalimu mwenye haraka.

Maji ya bomba hutiwa klorini, nayo huua bakteria na kuunguza samaki. Yaacheni katika ndoo iliyo wazi siku nzima na usiku wake, klorini itatoka yenyewe. Lakini miji mingine hutia dawa iitwayo kloramini, ambayo haitoki kwa kungoja. Ulizeni idara ya maji, na kama ndiyo, nunueni kwa wauza samaki maji ya dawa ya kuivunja. Ya mvua ni mazuri, ila hayana madini, kwa hiyo changanyeni nusu kwa nusu na ya kisima au ya bomba.

Sasa mimea. Ile Valisneria ya Warington si mgeni kwetu. Huota pia katika Ziwa Tanganyika, majani yake marefu na membamba kama utepe. Pandeni mizizi mchangani, lakini pale majani yanapoanzia pasizikwe, pataoza. Mwingine ni Seratofilamu, hauna mizizi, matawi yake kama mkia wa paka aliyeogopa. Huelea tu, na kwa kuwa huota upesi hunyonya amonia moja kwa moja kutoka majini. Huo ndio rafiki wa mwanafunzi. Wa tatu ni Anubiasi, mmea wa Afrika ya Magharibi na ya Kati, wenye majani magumu ya kijani kizito. Shina lake lisifukiwe kamwe. Lifungeni kwa uzi juu ya jiwe au kipande cha gogo. Pandeni mingi tangu siku ya kwanza. Vishina vitatu katika tangi zima ni kama shamba lenye mahindi matatu: magugu yatalichukua, na magugu ya majini ni mwani. Wenye taa waiwashe saa 7 au 8 kwa siku, isizidi mwanzoni.

Hapa nataka akina mama na walimu wanisikilize kwa makini. Msiwatume watoto kuchuma mimea ziwani au bwawani. Katika maji yetu mengi wamo konokono wanaobeba kichocho. Vijidudu hutoka kwa konokono, vikaogelea, vikapenya ngozi ya mtu atiaye mkono. Nunueni mimea kwa mtu aliyeiotesha katika tangi, au mwombeni mwenye tangi akukatieni. Na hata hiyo ikaguliwe jani kwa jani, konokono na mayai yao ya utelezi yaondolewe, kisha ikae wiki mbili katika ndoo peke yake, na konokono atakayeonekana auawe. Kijidudu kilichokwisha kumtoka konokono, kisipompata mtu, hufa kwa muda wa siku mbili; hatari inayodumu ni konokono mwenyewe. Kwa sababu hiyo Warington tumfuate katika mambo yake yote, isipokuwa hilo la kuokota konokono bwawani.

Baada ya kupanda, ngojeni. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote, maana haina la kufanya kwa mikono. Kila siku ya pili tieni chembe kidogo cha chakula cha samaki, kioze, bakteria wapate riziki. Katika wiki ya kwanza maji yaweza kuwa kama yametiwa maziwa, msiyamwage, yatajisafisha. Kila wiki ondoeni robo ya maji na kurudisha mengine yaliyolala ndooni. Mwenye jirani aliye na tangi la siku nyingi lenye samaki wazima amwombe konzi moja ya changarawe yake isiyooshwa, ni kama kuomba chachu, na siku za kungoja zitapungua. Tena funikeni tangi kwa kipande cha chandarua kilichobana pande zote. Maji yaliyotulia wiki sita bila samaki ni kitalu cha mbu, na sipendi mtu aanze kufuga samaki amalize kwa kufuga homa.

Mtajuaje kwamba maji yameiva? Katika maduka ya mjini huuzwa matone ya kupimia: amonia ionekane hakuna, na nitriti hakuna, siku kadhaa mfululizo. Asiye na matone atazame mimea. Ikiwa inatoa majani mapya na kioo kimepata utando wa kijani, na wiki sita zimetimia, ajaribu samaki wawili tu. Wakikaa wiki mbili wakila na kucheza, aongeze wawili au watatu.

Samaki wa kuanzia ni gapi, wale wenye mikia ya rangi. Ni wavumilivu, wapenda maji ya joto kama yetu, na hula viluwiluwi vya mbu. Asiyetaka kuzidiwa anunue madume matupu. Jike huzaa karibu kila mwezi, na hata akikaa peke yake aweza kuzaa tena na tena kwa mbegu alizokwisha kuhifadhi. Wasomaji wa Kigoma na wa Kyela wataniuliza, mbona samaki wazuri wa maziwa yetu siwataji? Ni wazuri kweli, na watu wa Ulaya na Marekani huwanunua kwa fedha nyingi. Lakini wengi wao hufukua mchanga, huzing'oa mimea, na hupigana. Si wa mwanafunzi. Perege naye atafaa sana katika sufuria, si katika lita 54. Unguja yuko samaki mdogo wa rangi nyekundu na buluu, mkazi wa vidimbwi vya mvua. Vidimbwi vikikauka hufa, na mayai yake hungoja ndani ya tope mpaka mvua irudi. Juu yake ningependa kuandika siku nyingine.

Kulisha ni mara moja kwa siku, kiasi ambacho watakimaliza kwa dakika mbili. Samaki huomba kila mara aonapo mtu, msidanganyike. Usiku mimea nayo huvuta hewa kama samaki, na maji ya joto hushika hewa kidogo kuliko ya baridi: lita ya maji ya nyuzi 20 huweza kushika kama miligramu 9 za oksijeni, ya nyuzi 30 kama saba na nusu. Kwa hiyo katika nchi ya joto msijaze samaki wengi, na alfajiri tazameni kama wanahema juu. Wakihema, badilisheni nusu ya maji mara moja, msiwape chakula siku hiyo.

Na siku mtakapochoka nao, au samaki wakizidi, mpeni mwenye tangi. Msiwamwage mtoni, wala mimea msiitupe bwawani; ianikeni juani mpaka ikauke kabisa. Magugu maji yaliyofunga fukwe za Ziwa Victoria asili yake ni Amerika ya Kusini. Huko ng'ambo watu waliyachukua nchi hata nchi kwa uzuri wa ua lake, na mwishoni mwa miaka ya 1980 yakaonekana ziwani. Sangara naye alitiwa humo katika miaka ya 1950, na aina nyingi za furu waliokuwamo hawaonekani tena.

Yule mvulana nilimwita mbele ya darasa, nikaeleza habari ya amonia kwa chaki ubaoni, na kusema kwamba niliyewaua samaki ni mimi, kwa haraka yangu, na kwamba nilimwadhibu bila haki. Hakusema neno. Tulipoanza upya nilimpa daftari aandike kila Jumamosi aonayo katika tangi. Wiki tatu za kwanza aliandika maneno yale yale, "Majani tu." Wiki ya nne akaandika kwamba Valisneria imetoa kitawi kinachotambaa mchangani, na mwisho wake una mmea mdogo. Samaki wawili waliingia wiki ya saba, na mkono uliowatia ulikuwa wake.

Kwa mwalimu aliyeniandikia: wiki mbili hazitoshi. Siku ya wazazi waonyeshe mimea, chandarua na ndoo ya maji yaliyolala, na juu ya kioo bandika karatasi yenye tarehe samaki watakapoingia. Ukipanda Jumamosi hii, hesabu wiki sita.